Udongo wa Nyumba ya Kwanza

Sijawahi kuwa mtu wa subira, na wale wanaosema kilimo humfundisha mtu subira hawajawahi kujaza udongo vifuko mia nane kwa mkono, kimoja kimoja, halafu wakaambiwa wavimwage vyote. Mimi kilimo kilinifundisha kusaga meno. Hadi leo nikimwona mtu ameshika udongo mkononi, anaunusa na kutikisa kichwa kama mjuzi, hasira hunipanda hata kabla hajafungua mdomo.

Niliolewa Gesima nikitoka Kiogoro, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa karani mjini Kisii. Aliondoka Jumapili alasiri na kurudi Ijumaa kabla jua halijazama, kwa kuwa Sabato ilikuwa ikiingia na mama yake hakutaka kusikia habari za basi lililoharibika njiani. Siku zote za katikati tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Baba mkwe alikuwa amefariki kabla sijafika. Majirani waliniambia nina bahati, maana mama yule hakuwa mgomvi. Ni kweli hakuwa mgomvi. Mgomvi angalau humjibu mtu. Mama mkwe alikuwa akikusikiliza mpaka mwisho, anakubali kwa kichwa, kisha anafanya alichokuwa amepanga tangu asubuhi.

Chini ya nyumba yetu palikuwa na mteremko ulioshuka mpaka kijitoni. Sehemu yetu nyingine ya shamba ilitosha mahindi na migomba tu, na hata hiyo ilitosha kwa kubanana. Nilipouangalia mteremko ule niliona chai. Wenzangu wote pale Gesima walikuwa wakipanda chai, wakiamka alfajiri kuchuma na kupeleka majani kituoni, na mimi nilikuwa nimechoka kupita na jembe kando ya mashamba yao nikisalimia. Shida ilikuwa moja. Mdogo wa mume wangu alikuwa amekwisha kupeleka ng'ombe wa mahari na alihitaji mahali pa kujenga.

Mama mkwe alikata shauri siku moja ya Sabato, baada ya chakula, sote tukiwa tumeketi pamoja.

"Mokamwana anataka chai," alisema, maana ndivyo alivyoniita, mke wa mwanangu. "Aoteshe miche yake mwenyewe. Ikishika kabla mdogo wa mumewe hajaleta mke, mteremko ni wake. Isiposhika, nyumba itajengwa pale."

Shemeji alitabasamu. Mume wangu alitazama sahani. Mimi nilisema asante mama, na moyoni nilikuwa nimeshapanda chai yote.

Sikuwa mjinga wa mambo hayo. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya wiki nzima ya wakulima wa chai, nikalala kwenye bweni lenye kunguni ili nijifunze kuotesha vipandikizi. Kipandikizi ni kipande cha tawi chenye jani moja tu, unakichomeka kwenye kifuko cha nailoni kilichojaa udongo, unafunika kitalu chote kwa nailoni juu ya fito, unaweka kivuli cha nyasi, unangoja. Bwana shamba aliyetufundisha alirudia jambo moja mpaka tukachoka. Chini ya kifuko weka udongo wa kawaida wa shamba. Juu, pale kipandikizi kinapochomekwa, weka udongo mwekundu wa chini kabisa ardhini, ule usio na rutuba. Usitie mbolea. Usitie jivu. Usichukue udongo wa zizini wala wa mahali palipokuwa na nyumba. Niliandika yote hayo kwenye daftari na nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Sasa, udongo usio na rutuba. Jaribu kumweleza jambo hilo mwanamke wa Gusii aliyelisha watoto saba kwa jembe.

"Unataka kuotesha kitu mahali ambapo hakuna kitu?" aliuliza mama mkwe.

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama."

"Na huyo aliyekufundisha, mama yake alimlisha nini? Mawe?"

Kisha akanishika mkono akanipeleka mteremkoni, pale ilipokuwa nyumba yake ya kwanza. Kwetu mahali kama hapo huitwa ritongo, mahali palipohamwa. Hapo ndipo alipoletwa akiwa bi harusi. Ilikuwa nyumba ya mviringo, mafiga katikati, mbuzi wakilala ndani upande mmoja. Ilipozeeka walijenga nyingine kule juu na ile wakaiacha ikaanguka yenyewe. Kuta zilikuwa zimeyeyuka kwa mvua, lakini ukipita ungejua nyumba iliishia wapi, maana managu, mboga yetu ya majani machungu, yaliota mle ndani ya duara yakafika kiunoni, na nje ya duara yaliishia magotini. Watu walitoka mbali kuja kumwomba managu yale. Aliwagawia kwa kiburi ambacho hakukionyesha mahali pengine popote, hata kanisani.

Aliinama akachota udongo. Ulikuwa mweusi, laini, ukivunjika vidoleni kama ugali wa wimbi uliopoa. Akaubandika kiganjani mwangu na kunikunja vidole juu yake.

"Huu," alisema, "ndio udongo."

Nilikuwa na daftari. Nilikuwa na mistari miwili. Nilimsomea ukurasa wote, naye akasikiliza mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa. Asubuhi yake nilimkuta ritongoni na jembe na karai, ameshachimba udongo wa kujaza madebe sita.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa. Nilikuwa mgeni bado, huo ni ukweli. Mteremko ulikuwa wake kutoa na kunyima, huo pia ni ukweli. Lakini kuna ukweli wa tatu ambao haunipendezi. Udongo ule ulikuwa mzuri mno. Niliushika, nikautazama, nikaufikiria ule mwekundu wa bwana shamba, mgumu, usioota hata nyasi, na nikasema moyoni, labda wale wa mafunzo hawajawahi kuuona udongo kama huu. Nilisoma miaka minane shuleni na daftari langu likashindwa na karai moja la udongo mweusi.

Tulijaza vifuko wiki tatu. Ukitaka kumchukia binadamu mwenzako, jaza naye vifuko vya nailoni. Kifuko kikijazwa kidogo kinalala ubavu, kikishindiliwa sana maji hayapiti. Mama mkwe alishindilia. Kila nilipomgeuzia kisogo alishindilia kwa kidole gumba. Majirani nao walipita na ushauri. Mmoja alisema tuchanganye na udongo unaofukuliwa na fuko. Mwingine alisema wa chini ya mgomba. Mume wangu, aliyekuwa akiotesha mawaridi matatu kwenye makopo ya mafuta ya Kimbo dirishani mwa chumba chake cha mjini na kwa hiyo kujiona mkulima, alikuja Ijumaa moja na gunia la mchanga wa mtoni.

"Udongo wa kifukoni lazima upumue," alisema.

"Hata mimi," nilimjibu.

Vipandikizi nilivifuata Nyacheki, kwa shangazi yangu aliyekuwa na chai iliyokomaa. Nilivikata mwenyewe kwa kisu kikali, nikavifunga kwenye gunia lililoloweshwa, nikavileta Gesima siku hiyohiyo nikivinyunyizia maji njia nzima kwa mkono. Tulivichomeka, tukamwagilia, tukafunika nailoni. Kisha ikaanza ile kazi ya kungoja, ambayo mimi siiwezi.

Mwezi wa kwanza majani yalikuwa ya kijani. Wa pili, kijani vilevile. Mama mkwe aliinua nailoni kila asubuhi, jambo lililokatazwa kabisa, akachungulia, akatabasamu. Alianza kuwaleta wanawake wa kanisani kuona. Alisema kwa sauti ya upole sana, ili nisikie vizuri, kwamba watoto wa siku hizi wanasoma mambo mengi. Nilianza hata kufurahi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilifurahi.

Mwezi wa nne majani yaligeuka manjano. Nikang'oa kipandikizi kimoja. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Mwisho wa kile kijiti palikuwa na uvimbe mweupe, mnene, kama tezi. Nikang'oa kingine, na kingine. Vyote vilikuwa na uvimbe uleule. Miezi minne vilikuwa vikijitahidi kuota na kuishia kuvimba tu. Niliketi pale chini kitaluni nikashika tama.

Bwana shamba alikuja nilipomtumia ujumbe. Hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo tulisema naye Kiswahili, na mama mkwe akajitahidi kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Hii udongo mmetoa wapi?" aliuliza bwana shamba.

"Tumetoa kwa nyumba yangu ya zamani," alisema mama mkwe. "Hii udongo iko mzuri sana. Angalia managu."

Bwana shamba alitia udongo kidogo kwenye kichupa, akadondoshea dawa, akatikisa, akamwonyesha rangi. Mama mkwe alitazama rangi ile kwa adabu tu.

"Mama, managu inapenda hapa kwa sababu ya jivu. Wewe umepika hapa miaka mingapi?"

"Ishirini. Inapita ishirini."

"Basi hiyo jivu yote iko ndani. Chai inataka udongo chachu. Jivu inaondoa uchachu. Hata ukipanda chai kwa hiyo mahali, itakufa."

Mama mkwe alichukua chembe ya udongo wake akaitia ulimini. Akachukua chembe ya udongo mwekundu ukingoni mwa njia, akaionja pia. Akatema.

"Yote ni udongo," alisema.

Hapo ndipo nilipopasuka. Bwana shamba alikuwa bado hajafika barabarani. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kabla shemeji hajaleta mke. Wiki tatu za kujaza, siku nzima ya Nyacheki, maji ya debe kichwani kutoka kijitoni kila wiki, na daftari langu lenye mistari miwili. Nilimwambia kwa lugha yetu, bila kupunguza neno, "Ni jivu lako lililoua chai yangu. Nilikusomea, ukanitikisia kichwa. Miaka ishirini umekuwa ukiharibu udongo na unauita mzuri."

Nilitaka anijibu. Aliinama, akaokota kifuko kimoja, akakipasua na kumwaga udongo kwenye karai. Akapasua kingine. Nilidhani anafanya fujo, kumbe hapana. Karai lilipojaa alilitwika kichwani akashuka nalo mteremkoni, na nikamwona akiumwaga pale ritongoni na kuusawazisha kwa kiganja. Akarudi. Akajaza tena. Alikwenda na kurudi siku hiyo yote na siku iliyofuata, vifuko mia nane, mpaka udongo wake wote ukawa umerudi pale ulipotoka. Mimi niliingia ndani nikajifanya ninapika. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, na aibu ile ilinizidishia hasira.

Mara ya pili nilifanya peke yangu. Udongo mwekundu sikuhitaji kuutafuta mbali, kwa sababu shemeji alikuwa amechimba shimo la choo kipya, refu kweli, na rundo la udongo wa chini lilikuwa limekaa kando, jekundu, safi, halijaguswa. Choo kilikuwa hakijatumika hata siku moja. Nilieleza hivyo kwa kila aliyepita. Nilieleza mpaka nikachoka kueleza. Haikusaidia. Katika wiki moja kijiji kizima kilikuwa kikiita kitalu changu chai ya choo, na mwanamke mmoja wa kanisani aliniuliza, akiwa ameshikilia mkono wangu kwa huruma, kama mambo ya fedha yametufikisha hapo.

Mume wangu alicheka. Nilimwambia arudi kwa mawaridi yake.

Mama mkwe hakucheka wala hakusaidia. Alikaa mlangoni akimenya ndizi na kunitazama nikichunga udongo kwenye wavu wa waya, nikijaza chini udongo wa kawaida, juu ule mwekundu, nisishindilie. Nilikwenda tena Nyacheki. Nikachomeka, nikafunika, na nikatangaza kwamba atakayeinua nailoni kabla ya wakati nitamkata mkono.

Ila kuna kitu nilikiona na sikukisema. Kila asubuhi mama mkwe alizoa jivu la jikoni kwake, na siku zote alikuwa amelimwaga kwenye bustani ya mboga, ambayo ilipakana na kitalu. Sasa alilibeba kwa karai akapita njia ya mbali, nyuma ya migomba, akizunguka kitalu changu chote, karai amelishika upande wa pili wa mwili wake, mbali na miche, kana kwamba amebeba kitu kinachoweza kuuma. Alilimwaga nyuma kabisa, mpakani. Mama yule alizunguka hivyo kila siku. Ningeweza kumwambia kwamba haina haja, jivu haliruki umbali ule. Sikumwambia.

Mwezi wa nne nilifunua. Niling'oa kimoja nikiwa nimefumba macho. Kilikuwa na mizizi, myeupe, mingi, imeshika udongo mwekundu kama vidole. Nilipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Mama mkwe alikuja, akakitazama kile kipandikizi kwa muda mrefu, akakichukua akakirudisha kifukoni mwenyewe kwa uangalifu, akakimwagia maji kwa kiganja.

"Kimeshika," alisema, basi.

Miche ilipokomaa, shemeji alikuwa bado hajaleta mke. Mama mkwe hakunilazimisha kumkumbusha. Alituita sote, akatembea mpaka wa mteremko kwa miguu yake, kuanzia barabarani mpaka kijitoni na kurudi, akisema kwa sauti kwamba hapa ni pa mokamwana, na shemeji atajenga upande wa migomba. Shemeji hakutabasamu safari hii. Tulipofika ritongoni mama mkwe alisimama.

"Na hapa?" aliniuliza.

Sasa nitasema ukweli kuhusu mimi. Nilikuwa nimepata kila nilichotaka. Yule mama alikuwa amesimama katikati ya nyumba yake ya kwanza, ananiuliza. Na mimi, kwa uroho wa ardhi tu na kwa ule ubishi wangu, nilisema, "Nitapanda kote, mama."

Alikubali kwa kichwa.

Nilipanda. Mteremko wote ulishika, ukawa kijani, isipokuwa pale. Miche ya ndani ya duara iligeuka manjano na kukauka. Mwaka wa pili nikang'oa, nikapanda mingine. Ikafa. Bwana shamba alikuwa ameniambia itakufa, mbele ya mama mkwe, kwa Kiswahili ambacho sote wawili tulikielewa, na bado mwaka wa tatu nikapanda tena, nikatia udongo mwekundu kwenye kila shimo, nikauchota kwa karai umbali uleule ambao yeye alikuwa amebeba wa kwake. Ikafa. Ukisimama upande wa pili wa kijito ungeona chai yangu yote na katikati yake duara tupu, mviringo kamili, hata mahali pa mlango ungepajua. Wachumaji walipazunguka bila kuuliza. Kila nilipopaona nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema jivu lako.

Mama mkwe hakuwahi kulitaja duara lile. Hata mara moja. Managu alikuwa akiomba kwa majirani sasa, yeye aliyekuwa akiwagawia.

Mwaka wa nne, mvua za kwanza zilipogusa ardhi, nilikwenda jikoni kwake. Nilisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu. Nilisema, "Mama, naomba mbegu za managu."

Hakuuliza ni za kupanda wapi. Alifungua fundo la leso lililokuwa kiunoni mwake, na mbegu zilikuwa humo, kavu, zimefungwa kwenye kitambaa kilichochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Miaka mitatu alikuwa akitembea nazo, amenyamaza, ananitazama nikiua miche. Nilitamani kumfokea. Nilitamani pia kumwangukia. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Tulishuka mteremko pamoja mpaka ndani ya duara, nikapiga magoti pale mafiga yalipokuwa, nikaanza kuchimba, naye akaniondolea jembe mkononi, kwa sababu nilikuwa nachimba kina kirefu mno.